Daktari Alisema Wiki Mbili

Meno yangu yalibadilika rangi kwenye picha kabla sijayaona kwenye kioo. Kioo cha bafuni tumezoeana mno, kila asubuhi kinanionyesha kile nilichokuja kukitazama, basi. Picha haina mazoea na mtu. Nilipigwa nikicheka kwenye sherehe, nikatumiwa, nikaikuza, nikaikuza tena, na pale pale nikaona mstari wa kahawia unaofuata ukingo wa ufizi, mithili ya alama inayoachwa na maji yaliyokauka ndani ya birika. Sivuti sigara. Napiga mswaki asubuhi na usiku. Na juu ya mswaki nilikuwa nasukutua mara tatu kwa siku, tena kwa dawa kali, ile inayofanya macho yalengwe machozi.

Daktari wangu wa meno ni mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alinimulika, akakwangua kidogo kwa ncha ya chuma, akauliza:

“Ile dawa ya kusukutua niliyokuandikia, uliitumia kwa muda gani?”

“Bado naitumia, Daktari.”

Akazima taa. “Mwanangu, nilisema wiki mbili.”

Ilikuwa imeshapita miezi mitano.

Mwanzo wake ulikuwa halali kabisa. Fizi zilikuwa zinatoka damu kila nikigusa mswaki. Akanisafisha ukoga, akaniandikia maji ya kusukutua yenye kloreksidini, asubuhi na jioni, mpaka fizi zitulie. Zikatulia. Chupa ikaisha, nikanunua nyingine. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nanunua kwa sababu nyingine.

Sababu yenyewe ni hofu. Miaka mingi nyuma, mtu niliyefanya naye kazi alinisogezea pipi ya mnanaa katikati ya mazungumzo, bila neno. Huenda alikuwa mkarimu tu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiongea na watu nikiwa nimegeuza shingo kidogo, na siketi karibu na mtu kabla sijasukutua. Nyani haoni kundule, na pua nayo haisikii mdomo ulio chini yake: harufu unayoishi nayo saa zote, ubongo huacha kuitangaza. Kwa hiyo mwenye hofu ya aina hii hana namna ya kujihakikishia. Anachoweza ni kuosha, na kuosha tena.

Nilipoanza kusoma historia ya chupa hizi nikagundua kwamba hofu yangu ilikuwa na wazazi. Mwaka 1879, Joseph Lawrence wa St. Louis, Marekani, alitengeneza dawa ya kuua vijidudu, ikapewa jina Listerine kwa heshima ya Joseph Lister, mpasuaji wa Uingereza aliyewafundisha wenzake kuua vijidudu katika vyumba vya upasuaji. Ilikusudiwa vidonda na upasuaji. Ilipofika 1914 ilikuwa inauzwa madukani bila cheti cha daktari. Miaka ya 1920 ndipo matangazo yakalichukua neno kavu la kitabibu, halitosis, maana yake harufu mbaya ya mdomo, yakalifanya msiba wa kijamii: binti anayesindikiza maharusi kila mara bila yeye kuolewa, na hakuna rafiki mwenye ujasiri wa kumwambia kwa nini. Yaani pipi yangu ya mnanaa iliandikwa miongo kadhaa kabla sijazaliwa. Dawa hiyo hiyo ilitangazwa pia kuwa kinga ya mafua na maumivu ya koo, hadi Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipoamuru mwaka 1975 kampuni itangaze kwamba haikingi mafua, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono amri hiyo mwaka 1977.

Hadithi hiyo haifanyi dawa yenyewe kuwa mbaya. Ila ilinifundisha kugeuza chupa na kusoma nyuma, kwenye herufi ndogo, kwa sababu mbele ya chupa zote zinasema jambo moja.

Nyuma ndiko zinakoachana. Kuna maji ya kusukutua ambayo kazi yake ni manukato tu, yanafunika harufu kwa saa moja mbili kisha hali inarudi ilivyokuwa. Kuna yenye floridi, ya kuimarisha meno. Kuna yenye mafuta ya mimea, kama mentholi, thaimoli na yukaliptoli, na yenye setilipiridini, ambayo hupunguza utando wa bakteria na kuvimba kwa fizi. Kisha iko kloreksidini, na hiyo iko daraja lake peke yake. Kumuuliza mtu kama maji ya kusukutua ni salama bila kutaja ni yapi, ni sawa na kumuuliza kama vidonge ni salama.

Niikalie kloreksidini kidogo, maana ndiyo iliyonichora.

Ni kemikali yenye chaji chanya, na meno na nyama za kinywa zina chaji hasi, hivyo ukishasukutua na kutema, sehemu yake haiondoki. Inabaki imeng'ang'ania mle ndani na kuendelea kuachia kidogo kidogo kwa saa nyingi, hata 12. Huo ndio uhodari wake. Mwaka 1970 mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na mwenzake Schiøtt walionyesha kwamba watu walioacha kupiga mswaki lakini wakasukutua kwa kloreksidini mara mbili kwa siku hawakujenga utando wala fizi zao hazikuvimba. Kwa daktari anayemhudumia mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa fizi, ambaye mswaki haugusiki kwa siku kadhaa, hiyo ni neema.

Lakini kinachong'ang'ania huvuta na vingine. Rangi za chai, kahawa na mvinyo mwekundu hunasa kwenye jino lililopakwa kloreksidini, na kwa watu wengi doa huanza kuonekana ndani ya wiki chache. Mimi ni mtu wa chai. Vikombe vinne kwa siku mara miezi mitano, fanya hesabu mwenyewe. Ukoga mgumu nao huongezeka, jambo ambalo ni kinaya kidogo kwa dawa ya kuzuia utando. Wapo wanaobabuka ngozi ya ndani ya mashavu, wachache huvimba tezi za mate. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, ila umewahi kuua, kwa hiyo aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa dawa yoyote yenye kloreksidini, hata ile ya kupaka ngozi, amwambie daktari kabla.

Na kuna ladha. Hili sikuliona hadi daktari aliponiuliza kama chakula kilikuwa kimepooza mdomoni. Kimepooza! Miezi hiyo yote nilikuwa nalaumu wapishi. Kloreksidini hufifisha zaidi ladha ya chumvi, na mimi kila mezani nilikuwa na kichupa cha chumvi mkononi. Weka jambo hili kiporo, nitalirudia kwenye presha.

Kuna ushauri mmoja mdogo kwenye karatasi ya maelekezo ambao nilikuwa naudharau: usitumie mara tu baada ya dawa ya meno. Dawa nyingi za meno zina kemikali ya kutoa povu yenye chaji hasi, inayokutana na kloreksidini na kuipunguza nguvu. Subiri nusu saa au suuza vizuri kwanza. Kwa maneno mengine, nilijipaka rangi meno kwa dawa ambayo, kwa haraka zangu, huenda nilikuwa nimeiua nusu kabla haijafika kazini.

Tukitoka kwenye kloreksidini, swali ninaloulizwa zaidi na ndugu na marafiki tangu niwe mtaalamu wa kujitangaza ni la pombe. Chupa nyingine zina pombe nyingi kweli: Listerine ya asili ni asilimia 26.9, zaidi ya mara mbili ya mvinyo wa kawaida. Wengi hudhani pombe ndiyo inayoua vijidudu. Kwa kiwango hicho kazi yake kubwa ni kuyeyusha yale mafuta ya mimea yachanganyike na maji. Vitakasa mikono vinahitaji angalau asilimia 60 ili viue. Ule moto unaoufurahia mdomoni, kwa hiyo, sehemu kubwa ni moto tu.

Je, unaleta saratani? Unywaji wa pombe unajulikana kusababisha saratani ya kinywa na koo, na mwilini pombe hugeuka asetaldehidi, kitu chenye sumu, na bakteria wa mdomoni nao huifanya kazi hiyo. Kutoka hapo ni rahisi kuruka moja kwa moja kwenye chupa ya bafuni, na kuna madaktari wa meno, hasa Australia mwaka 2008, waliotoa tahadhari hiyo hadharani. Lakini tafiti nyingi zilipokusanywa pamoja, uhusiano ulio wazi kati ya kusukutua na saratani haukuonekana. Ugumu uko hapa: wavutaji sigara na wanywaji husukutua sana ili kuficha harufu, kwa hiyo wanapougua, chupa inakutwa eneo la tukio hata kama haikuwa mhalifu. Msimamo wangu ni wa kivivu: maji yasiyo na pombe yapo, yanafanya kazi ileile, basi nanunua hayo. Sijakosa usingizi kwa ajili ya yale niliyokwisha kutumia.

Kwa baadhi ya watu, hata hivyo, pombe ile si suala la takwimu. Mwenye mdomo mkavu, iwe kwa umri, dawa au mionzi, huwashwa na kuunguzwa. Anayepambana kuacha ulevi hapaswi kuwa na chupa hiyo nyumbani. Anayetumia disulfiramu, dawa ya kusaidia kuacha pombe, anaweza kuugua vibaya hata kwa kiasi kidogo. Na metronidazoli, ambayo huandikwa sana kwa usaha wa meno, maelekezo yake yanakataza pombe. Mgonjwa wa jino ndiye huyo huyo anayekimbilia kusukutua. (Dereva naye ajue kwamba akipulizia kipima pombe mara baada ya kusukutua kitapiga kelele. Hupoa ndani ya robo saa hivi, lakini robo saa mbele ya askari ni ndefu.)

Sasa presha. Kati ya yote niliyosoma, hili ndilo lililonifanya niweke chupa chini.

Kinywa kina aina zaidi ya 700 za bakteria, na si wote wezi. Ukila mboga za majani, kemikali iliyomo iitwayo naitreti huingia kwenye damu, kisha takriban robo yake tezi za mate huivuta na kuirudisha mdomoni. Kwa nini mwili urudishe kitu ulichokwisha kumeza? Kwa sababu sisi wenyewe hatuna uwezo mkubwa wa kuigeuza naitreti kuwa naitraiti. Wanaoweza ni bakteria walioko nyuma ya ulimi. Wao hugeuza, sisi tunameza, na sehemu yake huishia kuwa naitriki oksidi, gesi inayolegeza kuta za mishipa ya damu. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo katika moyo na mishipa uliwapa wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Yaani kuna kiwanda kidogo nyuma ya ulimi wangu kinachosaidia kushusha presha, na mimi nilikuwa nakipiga bomu mara tatu kwa siku kwa kuogopa pipi.

Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha matokeo ya jaribio la watu 19 wenye afya waliosukutua kwa kloreksidini kwa siku 7. Naitraiti katika mate ilishuka kwa asilimia 90, na presha ikapanda kwa milimita 2 hadi 3.5 za zebaki, kipimo kile kile cha mashine ya presha. Ni kidogo, na watu 19 ni wachache. Mwenye presha nzuri hatajua. Ila mimi katika ukoo wangu presha hairukii mtu, na nilikuwa nimejipanga vizuri: kwa mkono mmoja naua bakteria wanaonisaidia, kwa mkono wa pili namwaga chumvi kwa sababu dawa ileile imenifisha ulimi.

Puerto Rico nako walifuatilia kwa miaka 3 watu wenye uzito uliozidi. Waliosukutua angalau mara mbili kila siku walikuwa na uwezekano zaidi, kama asilimia 55, wa kupata kisukari au kukikaribia. Hapa nina breki. Huo ni ufuatiliaji, haukuwa jaribio, na anayesukutua mara kwa mara huenda ana fizi mbovu, na fizi mbovu na kisukari ni marafiki wa siku nyingi. Rafiki yangu mmoja aliposikia habari hiyo alimwaga chupa yake yote kwenye sinki, ilikuwa ya floridi, ambayo si ya kuua bakteria hao kwa namna hiyo. Sikupata nafasi ya kumzuia.

Habari ya floridi inanirudisha kwenye kosa ambalo nadhani wengi tunalifanya na halihusiani na kemikali yoyote ya kutisha. Usiku napiga mswaki, nasuuza, halafu namalizia kwa maji ya kusukutua, nikiamini napiga muhuri. Kumbe nafuta. Dawa ya meno ya mtu mzima huwa na floridi sehemu 1,350 hadi 1,500 kwa kila milioni. Maji ya kusukutua ya kila siku huwa na kama 225. Unaondoa iliyo nyingi na kuweka iliyo kidogo. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza inashauri wazi: ukimaliza kupiga mswaki tema povu, usisuuze, na kama unasukutua chagua wakati mwingine, kwa mfano baada ya chakula cha mchana, kisha usile wala kunywa kwa nusu saa. Nilimsomea dada yangu ushauri huu akanitazama kama niliyepoteza imani. Kulala bila kusuuza! Inachukua siku nne kuzoea, si zaidi.

Watoto nitawataja kwa ufupi kwa sababu kanuni yenyewe ni fupi: chini ya miaka 6 hapana, isipokuwa daktari wa meno ameagiza. Wanameza. Mpwa wangu, wa miaka minne wakati huo, aliwahi kukutwa amekaa sakafuni na kifuniko kimejaa kitu cha buluu, akiniambia kwa heshima zote, “Shangazi, juisi yako inauma.” Alikuwa ameonja kwa ncha ya ulimi tu. Rangi tamu, harufu ya peremende, na ndani yake pombe ambayo kwa mwili mdogo inaweza kushusha sukari ya damu hadi mtoto azimie. Marekani tangu 1995 inalazimisha kifuniko kigumu kwa mtoto kwenye chupa yenye gramu 3 au zaidi za pombe. Kifuniko changu kilikuwa kigumu pia. Kilikuwa wazi.

Nikamuuliza daktari siku ile ya kusafishwa madoa, mdomo wazi nusu, kama basi harufu ndiyo nitaishi nayo. Akaendelea kukwangua. Alichosema kilinipeleka, nilipofika nyumbani, hadi Delft, Uholanzi, mwaka 1683, kwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa aliyejitengenezea lenzi. Alikwangua utando kwenye meno yake, akauweka chini ya lenzi, akaona vijiumbe vinaogelea. Alipovitia siki vilikufa. Lakini aliposukutua kwa siki kisha akakwangua upya, vilikuwepo hai. Akahitimisha kwamba siki iliua vile vya nje tu, haikupenya unene wa utando. Zaidi ya miaka 300 baadaye, mama yule aliniambia jambo lilelile kwa lugha yake: “Kioevu hakiondoi utando. Utando unakwanguliwa.”

Harufu nyingi za mdomo, alisema, huzalishwa humo humo mdomoni, na shamba kubwa ni mgongo wa ulimi, kule nyuma, ambako bakteria wasiopenda hewa huvunja protini na kutoa gesi za salfa. Usiku mate hupungua, ndiyo maana asubuhi kila binadamu ananuka. Mdomo ukikauka, gesi huongezeka. Kwa hiyo dawa kali yenye pombe inayokausha mdomo inaweza kukupa saa moja ya mnanaa kisha ikakuongezea kile ulichokuwa unakikimbia. Nilitaka kucheka ila alikuwa na chuma mdomoni mwangu.

Sasa hivi napitisha uzi kati ya meno, nakwangua ulimi kila asubuhi, nakunywa maji. Chupa ipo bado bafuni, ya floridi, isiyo na pombe, naitumia mchana nikikumbuka. Kloreksidini nimeandikiwa tena mara moja, nilipong'olewa gego. Safari hii nilisubiri saa 24 kabla ya kusukutua chochote, maana damu iliyoganda kwenye pengo ikitoka mapema utaomba uliyemkosea akusamehe, kisha nikatumia siku 7 nilizoambiwa, nikapunguza chai. Siku ya nane nilimwaga iliyobaki. Ilibaki robo chupa na mkono ulisita.

Lililobaki lilikuwa pua. Daktari alisema kipimo rahisi kuliko vyote ni mtu unayemwamini. Ilinichukua wiki tatu kumwendea dada yangu asubuhi moja, kabla ya mswaki, nikamwambia nimpulizie usoni aniambie ukweli. Akakunja uso, akakubali. Nikapuliza.

“Unanuka usingizi,” akasema. “Kama sisi wote. Haya, nipishe bafuni.”